Tusizime Mvumo wa Besi Kabla ya Kuufahamu

Nimeulizwa mara nyingi na walimu wenzangu, wengine kwa mzaha na wengine kwa huruma ya kweli, ni kwa nini mtu anayelipwa kufundisha isimu chuoni aweke sebuleni mwake, hapa Ruring'u, gitaa la besi lililozeeka, lililojaa kelele, na ambalo hufunguliwa kwa bisibisi mara kwa mara kama mgonjwa wa kudumu anayerudi kliniki. Iweje asinunue jipya, linyamaze, naye apate usingizi? Jibu nitalitoa hadharani, kwani linayahusu madarasa yetu kuliko linavyoihusu sebule yangu.

Gitaa lenyewe halina jina. Nembo ya mtengenezaji iling'olewa zamani ikaacha matundu mawili ya misumari kichwani. Kilichobaki ni bamba dogo la chuma linaloeleza kwamba lilitengenezwa Japani, nchi ambayo katika miaka ya 1960 viwanda vyake viliuza nje magitaa mengi ya bei nafuu. Nililinunua Karatina kutoka kwa mzee aliyekuwa akipiga katika bendi iliyosambaratika kabla ya wanafunzi wangu wa sasa kuzaliwa. Lina nyuzi nne, rangi iliyobambuka, shingo nene kama mpini wa jembe, na vinasa viwili.

Neno hilo "kinasa" nimelitumia kwa kusudi. Wanamuziki wetu husema "pikapu", nami sina ugomvi na maneno ya mkopo, kwani Kiswahili kimekopa tangu enzi za majahazi na hakijapungua kwa kukopa. Lakini pikapu katika sehemu hizi zetu ni gari la kubebea kabichi, na mwanafunzi anayeambiwa kwamba gitaa lina pikapu mbili ana haki ya kucheka. Kinasa ni kitu chenye kunasa, na kazi ya hiki ni kunasa mtetemo wa uzi. Ndani yake mna sumaku, na kuizunguka sumaku hiyo mna waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku huutikisa uga wake, na uga ukitikisika, umeme mdogo huzaliwa katika shaba. Hiyo ndiyo kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831, na ambayo kila mtahiniwa wa Fizikia huikariri usiku wa kuamkia mtihani.

Taabu ni kwamba shaba haichagui. Haijui kama uga umetikiswa na kidole changu au na transfoma iliyo nguzoni kando ya barabara. Penye waya wa stima, penye taa ya mrija, penye chaja ya simu, kinasa hunasa, na amplifaya hukuza kila kilichonaswa bila ubaguzi. Ndiyo maana besi ya aina hii, hata pasipo mtu kuigusa, huunguruma peke yake kama paka aliyeshiba.

Wengi wetu tukisikia hivyo husema "ina kelele", tukaishia hapo. Mimi kwa kazi yangu siwezi kuishia hapo. Mwanafunzi wa sekondari anayejifunza sarufi ya Kiswahili huambiwa aweke vidole kooni, atamke /z/ kisha /s/, ahisi tofauti. Ya kwanza ni sauti ghuna, nyuzi za koo hutetemeka. Ya pili ni sighuna, hewa hupita bila mtetemo huo. Baadaye hujifunza vipasuo, ambapo hewa huzuiwa kisha ikaachiliwa ghafla, na vikwamizo, ambapo hupenya kwa kukwaruza. Sasa mpe mwanafunzi huyo besi yangu kama nilivyoitoa Karatina. Atasikia mvumo wa kuendelea, wenye kimo anachoweza kukiimba: hiyo ni ghuna. Chini ya mvumo atasikia msisimko mwembamba wa shhh usio na kimo chochote: sighuna. Akizungusha kidhibiti cha sauti, kitakwaruza kama kikwamizo kilichotamkwa na mtu mwenye mafua, na waya ukitikiswa pale unapochomekwa, spika itatoa kipasuo cha kumwamsha mtoto. Kwa sikio lisilofunzwa yote hayo ni kelele moja. Kwa aliyefunzwa ni sauti nne, zenye vyanzo vinne na tiba nne tofauti: vumbi ndani ya kidhibiti, chuma kilicholegea kwenye tundu la waya, amplifaya iliyochoka, na ule mvumo wenyewe, ambao ndio mkubwa na ndio unaostahili kuelezwa kwa kirefu.

Mvumo huo una kimo maalumu. Umeme wa Kenya hugeuza mkondo wake na kurejea mara 50 kila sekunde, na kadiri hiyo huanzia kwenye mitambo inayozungushwa na mvuke wa Olkaria na maji ya Mto Tana, ikafuata nyaya hadi hapa kwetu bila kupungua wala kuongezeka kwa kiasi cha kuonekana. Uzi mnene wa besi, usipobonyezwa, hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde. Ukibonyezwa kwenye mstari wa tatu wa chuma hutoa noti ya G, ambayo ni mitetemo 49. Maana yake ni kwamba stima yetu huimba G iliyopandishwa kidogo, chini ya nusu ya nusu-toni. Besi ninayoipiga hapa huandamwa na G hiyo mchana na usiku, pamoja na vizidisho vyake vya 100 na 150. Marekani, ambako stima hugeuka mara 60, gitaa hilohilo lingeimba mahali fulani katikati ya B bapa na B. Chombo kimoja, lafudhi mbili, kulingana na nchi kilikochomekwa! Nimewahi kuwapa wanafunzi wangu wa fonetiki jambo hili wakalifurahia kuliko mihadhara yangu mitatu iliyotangulia.

Wala si jambo la kufurahisha tu. Sisi tunaorekodi usemi wa wazee vijijini hukutana na mvumo huo katika kanda zetu. Sauti ya mwanamume mzima katika mazungumzo ya kawaida mara nyingi huwa kati ya mitetemo 100 na 150, na kwa hivyo vizidisho vya stima huketi palepale tunapotafuta toni. Gĩkũyũ ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana. Mtafiti anayefuta mvumo kwa pupa anaweza kufuta pia kile alichokwenda kukitafuta. Kwa upande mwingine, wachunguzi wa ushahidi wa kanda huutumia mvumo uohuo kubaini lini kanda ilirekodiwa na kama imekatwa kisha ikaunganishwa, kwa kuwa kimo cha stima huyumba kwa vipimo vidogo sana ambavyo vikihifadhiwa vinaweza kulinganishwa. Kelele ya mmoja ni hati ya mwenzake.

(Nikiwa bado kwenye sauti, niruhusiwe kunung'unika kidogo. Jina la mtaa huu lina nazali ya kaakaa laini, ng', na ritifaa yake si pambo. Vibao vingi huiacha, na mgeni akisoma "Ruringu" hutamka kitu ambacho mwenyeji hakijui. Ikiwa tunavumilia sauti isiyotakiwa ndani ya spika, tusiifute ile inayotakiwa kwenye kibao.)

Nilipolipeleka gitaa kwa fundi mmoja wa redio mjini Nyeri, kijana ambaye benchi lake halitoshi kuweka sahani mbili, aliliunganisha, akasikiliza kitambo, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hii ni mgonjwa ama ni mzee?" Nikamwambia anieleze tofauti. "Mgonjwa anatibiwa," akasema, "mzee anasikizwa." Akaniwekea kidole juu ya nyuzi. Mvumo ukapungua. Akauondoa, ukarudi. "Waya wa ardhi uko sawa. Ungeongezeka ukishika, ningejua umekatika." Kwa dakika moja alikuwa ametambua hali ya waya asiouona, kwa sikio na kidole.

Wiki hiyohiyo nilimweleza mwanafunzi wangu mmoja, aliyekuja chuoni na A ya Fizikia, jinsi mvumo ulivyopungua nilipoguswa na nyuzi. Alifikiri, akakiri kwamba hajui ni kwa nini. Nilipomtajia Faraday alinisomea kanuni yote kwa Kiingereza safi bila kukosea neno. Kanuni aliijua, hakuwahi kukutana nayo. Na fundi wangu, aliyekutana nayo kila siku, aliacha shule kabla ya kufika kidato cha nne na hana jina la kitabuni la lolote kati ya mambo anayoyatenda. Wawili hawa wanaishi katika mji mmoja na hawana lugha ya kuzungumzia besi moja. Hilo ndilo linalonikera, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kabla ya kuwageukia wahusika, nieleze nilichokibadilisha katika gitaa, maana wapo wasomaji vijana wenye magitaa kama haya waliookota kanisani au kwa mjomba.

Kwanza nilisafisha vidhibiti, na vile viunganishi vilivyokuwa na ukungu wa kijani nikavilehemu upya. Mikwaruzo ikaisha. Hapo ndipo watu wengi wangesimama, na si vibaya. Pili, nililipamba tumbo la gitaa, yaani lile shimo linalohifadhi nyaya, kwa karatasi ya alumini ya kufungia chakula, nikaiunganisha karatasi hiyo na waya wa ardhi. Kinga ya namna hii huzuia ule mnong'ono mkali wa taa na chaja, ambao husafiri kama uga wa umeme. Haizuii mvumo wa G, kwa sababu huo husafiri kama uga wa sumaku, na alumini nyembamba haiuzuii uga wa sumaku wenye mitetemo 50 tu kwa sekunde. Nasisitiza hili kwa kuwa nimeona vijana wakiziba gitaa zima kwa karatasi, kisha wakakata tamaa wakidhani wamekosea kulehemu. Hawakukosea. Walitumia dawa ya ugonjwa mwingine.

Dawa ya mvumo imejulikana kwa muda mrefu, na ni ya werevu wa kupendeza. Chukua vinasa viwili. Kimoja kigeuze sumaku yake juu chini, na waya zake mbili uzibadilishane nafasi. Sauti ya uzi, iliyozaliwa kwa sumaku, hugeuzwa mara mbili na hivyo kubaki ilivyo. Mvumo wa stima, usiojali sumaku, hugeuzwa mara moja tu, na kwa hivyo kinasa kimoja husema "juu" wakati kingine kinasema "chini". Vikichanganywa kwa kadiri sawa, mivumo miwili huuana na muziki hubaki. Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliikamilisha mbinu ya koili mbili za namna hiyo katika kinasa kimoja mwaka 1955. Leo Fender, aliyetoa besi yake ya Precision mwaka 1951 ikiwa na koili moja inayovuma, aliipa koili iliyogawanywa mara mbili mwaka 1957, na besi ya Jazz ya mwaka 1960 ikawa na vinasa viwili vinavyofutiana mvumo vinapofunguliwa vyote kikamilifu. Ukipunguza kimoja, mvumo hurudi. Wapigaji wengi wameishi na sharti hilo, kwani kinasa kimoja kikiwa peke yake kina ukali na uwazi ambao koili mbili huutia blanketi.

Vinasa vyangu vya Japani havikugeuzwa. Vyote viwili hutazama upande mmoja na kuvuma kwa pamoja kama kwaya ya wanaume. Kugeuza kimoja ni kazi ya saa moja: skrubu nne, sumaku bapa iliyo chini ya koili, na nukta mbili za kulehemu. Kinaweza kurudishwa kilivyokuwa, na hilo ni muhimu, kwani kuna mabadiliko ya namna mbili katika chombo cha zamani. Yapo yanayoweza kutenduliwa, na yapo ya patasi na msumeno, ambayo hayarudi nyuma. Wapo watu wanaolichimba gitaa la miaka ya 60 ili kulitia vinasa vya kisasa na betri, wakaishia na besi ya kawaida ndani ya mbao za zamani. Hao siwaelewi. Kama walitaka kimya, dukani kipo.

Kwani kuna historia ndani ya mvumo ule. Benga, iliyozaliwa Nyanza katika mikono ya wapiga nyatiti waliohamia gitaa, haikuificha besi nyuma ya mlango kama ilivyofanyika katika muziki mwingine. Msikilize D. O. Misiani na Shirati Jazz: besi hurukaruka mbele, huuliza maswali, magitaa mengine yakijibu. Muziki huo ulipofika kwetu milimani ulikutana na lugha ya toni na wimbo wa Gĩkũyũ, na katika sahani za miaka ya 1970 utasikia besi ikitembea bega kwa bega na mwimbaji. Joseph Kamaru, aliyezaliwa Kangema mwaka 1939 na kufariki mwaka 2018, ametuachia mamia ya nyimbo za namna hiyo. Sauti ya besi katika sahani hizo si ya chombo safi. Imechanganyika na mvumo, mkwaruzo wa sindano, na ukuta wa chumba. La kupendeza ni kwamba mjukuu wake, ambaye naye huitwa Joseph Kamaru na hujulikana duniani kama KMRU, amejenga jina lake, hasa tangu albamu ya Peel ya mwaka 2020, kwa kutunga muziki kutokana na sauti za mazingira na mivumo ambayo wengine wangeiita kelele, huku akizitoa upya nyimbo za babu yake. Babu na mjukuu wamesimama pande mbili za kelele moja, na sote tumefaidika.

Siku hizi katika kumbi nyingi za kwetu besi imetoweka. Mwimbaji wa mũgithi husimama peke yake na gitaa moja, au kinanda cha umeme humpigia besi iliyotiwa kiwandani. Sina nia ya kumlaumu. Kumlipa mtu mmoja ni nafuu kuliko kuwalipa watano. Ninachosema ni kwamba kijana wa Nyeri aliyekulia kwenye kinanda hajawahi kusikia besi ikivuma kabla ya wimbo kuanza, na kwa hivyo hajui kwamba chombo kina maswali.

Sasa nije kwenye jambo ambalo si la starehe hata kidogo. Nyuzi za gitaa la umeme zimeunganishwa na ardhi kupitia daraja la chuma, waya, na fremu ya amplifaya. Ndiyo maana mvumo ulipungua fundi aliponiwekea kidole: mwili wangu, ambao hupokea umeme wa hewani kama antena, uliunganishwa na ardhi. Lakini njia inayopeleka ardhini huweza pia kuleta. Ikiwa soketi haina waya wa ardhi, au amplifaya ni mbovu na fremu yake imeguswa na waya wenye moto, mpigaji ameshika volti 240 mikononi. Akiukaribisha mdomo kwenye maikrofoni iliyounganishwa vizuri na ardhi, mkondo hupita kifuani. Mwezi Mei 1972 Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani mjini Swansea kwa sababu ya maikrofoni ambayo haikuwa na ardhi. Alikuwa katika nchi yenye kanuni za umeme, mbele ya watu, akiwa na mafundi.

Linganisha na kumbi zetu. Ni nani kati yetu ambaye hajaona plagi ya pini mbili ikisukumwa ndani ya soketi ya matundu matatu, kalamu ikiwa imetumbukizwa katika tundu la juu ili kufungua vizuizi? Tundu hilo la juu ndilo la ardhi. Ni nani hajaona ekstensheni moja iliyobeba amplifaya tatu, kinanda na birika la chai? Na liko baya zaidi, ambalo nimelishuhudia katika ukumbi mmoja nisioutaja: mtu wa mitambo alikuwa amefungua plagi ya amplifaya na kuukata waya wa kijani na manjano kwa sababu, alisema, "unaleta kelele". Alisema kweli. Vyombo viwili vikiunganishwa na ardhi kwa njia mbili tofauti huweza kuvuma. Waya ukikatwa, mvumo huisha. Kimya kile kilipendwa na wote waliokuwapo, na chini yake vijana sita wa kwaya walishika nyuzi na maikrofoni.

Huyo si mtu mwovu. Ni mtu ambaye hakuna aliyemfundisha kwamba kuna mvumo wa kuvumiliwa, mvumo wa kutibiwa na mvumo wa kukimbiwa. Alikuwa na neno moja, "kelele", na dawa moja, kukata.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi waliingia Gredi ya 10, na baadhi yao wamechagua mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, ambamo muziki una nafasi yake. Wenzao wamekwenda kwenye mkondo wa sayansi na teknolojia. Naogopa tayari ukuta unaoinuka kati yao. Katika shule ya msingi wazazi wengi walitumwa kununua filimbi ya plastiki iitwayo rikoda, chombo cha heshima zake, lakini kisicho na kitu cha kufunguliwa. Mwenye muziki atapiga bila kujua kilicho ndani. Mwenye fizikia atachora koili ubaoni bila kuisikia ikiimba. Tulikwisha kuyaona haya. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikuja na ahadi ya stadi za mikono, na wale tuliopita ndani yake tunakumbuka karakana zilizogeuzwa stoo za madawati yaliyovunjika.

Nitajibiwa kwamba shule hazina fedha za magitaa. Ninakubali, na ndiyo maana nazungumzia gitaa bovu. Bei ya chombo kizima na kimya haiwezi kufikiwa na shule nyingi za Nyeri, Kirinyaga au Laikipia. Lakini kwenye stoo za makanisa, chini ya vitanda vya wajomba, na kwenye mabenchi ya mafundi kuna vyombo vinavyovuma ambavyo hakuna anayevitaka. Kwa somo ninalolisema, hivyo ndivyo bora. Chombo kipya kimefichwa siri zake na mwenye kiwanda. Nitajibiwa pia kwamba mwalimu wa muziki hajui umeme na mwalimu wa fizikia hajui besi. Basi aitwe fundi. Alipwe, tena kwa heshima, kama tunavyomlipa mtoa mada mwenye tai, ambaye mara nyingi hutupa kidogo kuliko yeye.

Mwalimu wa Kiswahili naye asidhani amesamehewa. Yeye ndiye mwenye ghuna na sighuna, vipasuo na vikwamizo, maneno yaliyokaa vitabuni yakisubiri kazi. Yeye ndiye mwenye mvumo, mngurumo, mkwaruzo, mchakacho na kishindo, hazina ambayo lugha nyingi zingeionea wivu, na ambayo tunawapa watoto kwa ajili ya insha za mvua ya radi peke yake. Fundi akisema "mgonjwa" na "mzee", ameanzisha istilahi. Kinachobaki ni sisi kuziandika, kuzisahihisha pale zinapopotosha, na kuzirudisha kwake zikiwa na nguvu zaidi.

Na kabla ya gitaa lolote kuchomekwa, soketi za ukumbi zipimwe. Kipimo cha soketi ni kidude kidogo chenye taa, huuzwa katika maduka ya vifaa vya umeme, na kutumia kwake hakuhitaji shahada. Mwalimu mkuu anayenunua spika kubwa za siku ya wazazi bila kupima soketi hata moja ametumia fedha za shule vibaya, na niko tayari kumwambia hivyo uso kwa uso.

Mwalimu mmoja wa fizikia wa shule jirani amekubali kwamba muhula ujao nimletee besi hii darasani, na fundi wangu amekubali kuja, ingawa alitaka kwanza ahakikishiwe kwamba hatavalishwa tai. Sijakigeuza kile kinasa cha pili kwa sababu hiyo. Wanafunzi wataisikia G ya Olkaria kwanza, wataandika ubaoni majina ya kila sauti watakayoitenga, kwa Kiswahili, kisha wapige kura kama sumaku igeuzwe au iachwe. Nimewaahidi kwamba bisibisi itakuwa mikononi mwao.